Picha ya Mzee Kengele

"Weka taratibu, mama. Hicho ni kioo," muuza simu alisema.

Mama Picha alikuwa ameshaiweka. Kompyuta nzima, imeviringishwa kwenye kitenge kama kichanga kinachotolewa hospitali, ikakaa juu ya meza ya kioo katikati ya simu zilizopangwa.

"Sasa hii umeileta ya nini? Mimi nauza simu."

"Nimeileta ichague yenyewe. Wewe ukienda kununua kiatu, mguu unauacha nyumbani?"

Mteja mmoja nyuma yake akacheka. Mama Picha hakucheka. Alikuwa amezunguka maduka manne tangu asubuhi, magoti yanamuuma, na kila alikoingia aliulizwa maswali yale yale: unataka yenye kamera nzuri, unataka yenye kukaa na chaji, unataka rangi gani? Hakuna aliyemuuliza simu hiyo itakwenda kuishi na nani.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imemfia mikononi mwezi uliopita. Ilizimika katikati ya picha ya bibi harusi na kutoa harufu ya waya ulioungua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Binti yake, karani wa kampuni moja, akamletea hii, nyembamba kama sinia, iliyotoka ofisini kwao walipobadilisha vifaa. Mama Picha alimshukuru, akamwombea, akaiwasha. Halafu akachomeka simu yake.

Kimya. Waya wenyewe ulihitaji kiunganishi, na kiunganishi kilipopatikana, simu na kompyuta zilikaa kama wake wenza kwenye benchi moja. Kila moja inaangalia upande wake. Akajaribu kujitumia picha kwa ujumbe wa simu. Zikafika, ila zimefifia, na ofisi ya wastaafu iliyo mkabala na kibanda chake ikazirudisha. "Hazina makali," walisema. Wateja wawili wakahamia kwingine.

Muuza simu aliigeuza kompyuta, akaitazama mgongoni, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya ukoo mwingine kabisa, mama. Simu yako ni ya ukoo ule mwingine. Hawa hawaoani."

"Na wakiozeshwa kwa nguvu?"

"Wataoana. Ila kila siku utakuwa msuluhishi."

"Nimeshasuluhisha wiki tatu. Nimechoka. Nipe anayeoana naye."

Akamwekea mbili mbele. Moja mpya, kubwa, inang'aa, ya ukoo wa simu yake ya zamani. Nyingine ndogo, imetumika, ina mkwaruzo pembeni, ila ya ukoo mmoja na kompyuta. Bei sawa.

"Hii mpya ina macho matatu," muuza simu alisema.

"Mimi nina mawili tu na yamenichosha. Nipe hiyo ndogo."

Muuza simu akaandika jina moja na neno moja la siri kwenye simu na kwenye kompyuta, akavuta pumzi, akainua ile simu na kumpiga Mama Picha picha bila kumtahadharisha. Kabla Mama Picha hajafunga mdomo, sura yake ilikuwa imetokea kwenye kompyuta. Hapakuwa na waya. Aliiangalia. Ni sura ya mtu aliyesimama muda mrefu. Hakujua kwamba imefikia hapo.

"Umeona? Kuanzia leo hivi viwili ni kitu kimoja."

Mama Picha akaitikia kwa kichwa. Wauzaji husema mengi. Yule wa vitambaa naye humwambia kila mtu kwamba kitambaa chake hakichuji.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye kiti, meza, printa, na ukuta alioupaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe kila mwanzo wa mwaka. Watu walikaa kwenye kiti, wakatazama mbele, wakapata picha nane kwenye karatasi moja. Na alikuwa na kanuni yake, hakuna aliyemfundisha. Kila jioni kabla ya kufunga, baada ya picha kuhamia kwenye kompyuta, alifuta zote kwenye simu. Alifuta, halafu akaingia kwenye pipa la taka la simu na kulimwaga nalo. Ilianza siku mkoba wake ulipoibwa na simu ndani, ikiwa na nyuso za watu mia mbili. Alikosa usingizi wiki nzima akiwafikiria. Tangu hapo kila mteja aliyeinuka kwenye kiti aliambiwa, "Sura yako hailali kwenye simu yangu." Watu walilipenda neno hilo. Wengine walimrudia kwa ajili yake.

Wiki hiyo ilikuwa ya uhakiki wa wastaafu. Kila mzee anayepokea pensheni alitakiwa kupeleka fomu na picha mpya, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Asiyepeleka angehesabiwa amekufa. Hawakuandika hivyo kwenye tangazo, waliandika "ataondolewa kwenye orodha", lakini wazee walilisoma walivyolisoma.

Alhamisi, siku ya kwanza ya simu mpya kazini, jua limekwisha kupanda, Mzee Kengele aliletwa kwa mkokoteni.

Alikuwa mgonga kengele wa shule, na mfagizi wake, kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya mtaa iliingia darasani kwa mkono wake. Sasa alikuwa amekonda hadi koti limekuwa kubwa, na mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, alitembea kando ya mkokoteni akimshikilia bega asiegemee upande. Wanaume wawili wakamwinua. Safari ya kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye kiti, hatua nne, ilichukua muda wa kuchemsha chai.

"Baba alikataa katakata kubaki nyumbani," mkwe alisema akijifuta jasho. "Nimemwambia nitaitafuta ya zamani. Hataki."

"Ya zamani nina meno," Mzee Kengele alisema. "Watasema huyu siye. Na kitandani nimelala miezi mitano. Nilitaka watu wanione nikipita."

"Wamekuona?"

"Wamenisalimia kumi na saba. Mmoja alinidai."

Mama Picha alipiga picha kumi na moja. Katika kumi kikohozi kiliingilia. Katika ile ya kumi na moja alitulia, akatazama mbele, kidevu juu, kama mtu anayesubiri saa ifike. Ilikuwa picha nzuri. Ilitokea kwenye kompyuta papo hapo, na Mama Picha akajisikia amepata mkono wa tatu. Hata hakuunyoosha ule waya aliouzoea. Waya ulilala mezani bila kazi.

Alipoielekeza kwa printa, umeme ukakatika.

"Usihangaike, dada," alimwambia mkwe. "Mpeleke mzee akapumzike. Picha ipo. Njoo kesho saa tatu uichukue wewe peke yako, uvuke barabara, upeleke. Mzee, sura yako hailali kwenye simu yangu."

"Ilale popote," Mzee Kengele alisema, "mradi iamke."

Umeme haukurudi. Jioni, jua likiwa bado mlangoni, Mama Picha alihesabu wateja saba wasiochapishiwa. Akaangalia kompyuta: wote saba wamo. Akachukua simu, akafuta. Akaingia kwenye pipa la taka, akalimwaga. Akafunga kompyuta, akafunga mlango, akaenda nyumbani akilaumu magoti.

Ijumaa saa mbili umeme ulikuwa umerudi. Akawasha printa, akafungua kompyuta, akavaa miwani.

Hapakuwa na kitu.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Pale zilipokuwa picha palikuwa peupe. Si mwanamke wa kipara cha mbele, si mapacha waliokuwa madereva, si Mzee Kengele. Akatafuta pipa la taka la kompyuta. Nalo lilikuwa safi kama lilivyokuwa la simu jana alipomaliza kulimwaga. Akampigia muuza simu.

"Ulifutia wapi?" muuza simu aliuliza.

"Kwenye simu."

"Na pipa la taka?"

"Nalo."

Upande wa pili alisikika mtu akijikuna kichwa.

"Mama, si nilikwambia ni kitu kimoja?"

"Uliniambia," Mama Picha alisema. "Nilidhani unauza tu."

"Zimekwenda, mama. Ukifuta huku, kule nako kumefutika. Pole."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Ukuta mweupe ulikuwa mgongoni kwake. Miaka tisa alifanya hivyo hivyo na hakuna aliyepotea. Simu ilikuwa simu na kompyuta ilikuwa kompyuta, moja akiifagia nyingine inatunza. Alikuwa ametafuta wanaoelewana, na wameelewana.

Sita kati ya wale saba walikuja mapema, wakanung'unika, wakakaa tena. Mmoja wa mapacha aliuliza kama atapunguziwa bei kwa kupigwa mara mbili. Saa tatu kamili mkwe wa Mzee Kengele akaingia na fomu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama Picha hakuzunguka. "Nimeifuta, dada. Ni kosa langu. Haipo popote."

Mkwe akamtazama. Alikuwa na macho mekundu.

"Mama, yule mtu tulimbeba watu watatu."

"Najua."

"Jana tangu arudi hajala. Kila akipumua anaushika ubavu. Nimekwambia mapema ili usije ukaniambia nimrudishe."

Nje foleni ilikuwa inakua. Siku ya mwisho kila mtu hukumbuka kwamba ana sura. Mama Picha alitazama saa, akatazama foleni, kisha macho yake yakaangukia simu. Ilikuwa juu ya meza peke yake, bila waya. Miaka tisa waya huo, mfupi kama mkono wa mtoto, ulikuwa umemfunga kwenye meza hii, na jana mzee mgonjwa aliletwa juu ya mkokoteni mpaka hapa, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba simu ingeweza kumfuata yeye.

Akaitia simu kifuani. Akatoa shuka jeupe kwenye sanduku la vitambaa.

"Mama, unakwenda wapi?" sauti ilitoka kwenye foleni. "Tumekuja tangu alfajiri!"

"Nyie mna miguu," alisema, akafunga mlango.

Walipanda mlima mdogo, wakateremka ngazi za mawe ishirini na nne. Alizihesabu kwa goti la kulia. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na cha mzee kilikuwa cha ndani, kina dirisha moja na harufu ya dawa ya kuchua. Alikuwa amelala chali, koti limetundikwa msumarini.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Picha yako nimeifuta."

Alichukua muda kulifikisha neno mahali pake.

"Kwa hiyo jana nimekufa?"

"Bado. Una mpaka saa sita."

Kifua chake kikatikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama ni kicheko au kikohozi, mpaka meno mawili yaliyobaki yalipoonekana. Wakamwinua, mito mitatu mgongoni, wakamvika koti. Mkwe akasimama nyuma ya kichwa cha kitanda juu ya kigoda na kulinyoosha shuka kwa mikono yote miwili. Mama Picha akapima mwanga wa dirisha. Mzee alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa.

"Macho, mzee. Macho yakifumbwa hawapokei."

"Dawa hii inanivuta. Nitegee kitu nisisinzie."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nafagia sebuleni, vyombo vinapotea jikoni."

Akafikiri. "Mkwe wangu."

"Baba!" alisema mkwe nyuma ya shuka.

"Sio," Mama Picha alisema. "Nipe mji."

"Chukua wowote wenye hospitali nzuri."

"Nimeuchukua, nimekwenda, nimetibiwa, nimerudi. Ni simu yangu na kompyuta yangu."

"Kibovu hicho," Mzee Kengele alisema polepole. "Kitendawili, mtu akisikia jibu... ajipige paji la uso."

Akafumba macho ili kutafuta kizuri zaidi. Hakuyafumbua. Kidevu kilibaki juu kwa sababu ya mito, mdomo umefungwa vizuri, ukosi umekaa sawa. Kila kitu kilikuwa kama ofisi inavyotaka isipokuwa kope.

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasorobo. Kutoka hapa hadi ofisini ni dakika ishirini kwa mwenye magoti mazima.

"Nimwamshe?" mkwe alinong'ona. "Jana hakulala hata kidogo."

Mama Picha alitazama pumzi ikipandisha kifungo cha koti na kukishusha. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, simu imeinuliwa, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Mpe dakika tano," alisema.

Mikono ya mkwe ilianza kuchoka. Shuka likateremka kidogo kidogo, likamgusa mzee utosini, likaanza kumfunika paji la uso. Mkwe akashtuka, akalipandisha juu upesi, juu kabisa, akalishikilia hapo.

Kope moja ikacheza.