Yupi Kulwa?

Mhoja alikuwa na hofu moja tu, nayo ilimponza: kisu. Sabina, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya pacha, miezi saba na ushee, chupa ikapasuka mapema, maji yakamtiririka hadi miguuni akiwa anapeta mchele nyumbani Mkolani. Hospitalini Sista Wilhelmina aliwaeleza vizuri. Sabina angelazwa, angechomwa sindano, watoto waendelee kukua humo ndani. Lakini akishikwa na homa tu, ujue uchafu umeingia tumboni, na watoto watatolewa kwa upasuaji siku hiyo hiyo.

Jamani, pacha kwa kisu! Anayetangulia kutoka ndiye Kulwa, anayefuata Doto. Kwa Wasukuma hilo halina mjadala. Sasa daktari akiingiza mkono na kushika yeyote aliye karibu, Kulwa atajulikanaje? Na Sabina mwenyewe ataamka?

Basi asubuhi alipomgusa Sabina paji la uso akalikuta la moto, hakumwita mtu. Siku hizi biashara ni huria, kila kibanda nje ya geti kinauza vidonge vya homa kando ya sabuni. Akanunua, akamnywesha na uji. Wilhelmina alipopita na kipimajoto, joto lilikuwa limeshuka. Mhoja akashusha pumzi. Kesho yake akarudia tena, mtu mzima na akili zake.

Siku iliyofuata Sabina alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, vidonge akavitapika. Maji yaliyomtoka yalinuka. Alimshika Mhoja mkono.

"Mama, leo hawachezi kama jana."

Mhoja alikimbia, kanga ikimdondoka, hadi kwa Wilhelmina.

"Sista, ana homa tangu juzi. Mimi ndiye niliyeificha."

Wilhelmina alimtazama mara moja, akaagiza machela.

Mhoja alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, akijilaani kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mlango ulipofunguliwa, Wilhelmina alimwambia watoto wote wawili wanapumua, wadogo mno, wamepelekwa chumba cha joto. Swali la nani katangulia halikumjia kabisa.

"Na mama yao?"

"Homa bado kali, tunampigania. Amefumbua macho. Anauliza yupi ni Kulwa."

Mhoja alijifunika uso kwa kanga, akalia.

"Mwambie apone kwanza," alisema. "Atachagua mwenyewe."