Vidonda vya Tumbo vya Jumamosi

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo, lakini ya Kimya ilikuwa imeshatimiza miezi mitatu na bado inaendelea. Ilianza mezani, Jumamosi moja mchana, mhudumu alipomkabidhi orodha ya vyakula. Kimya akatazama bei, akakumbuka kodi ya chumba na dawa za presha za mama yake, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi maji ya moto tu. Nina vidonda vya tumbo."

Laiti angechagua ugonjwa mwingine! Mmoja wa marafiki zake wawili alikuwa muuguzi.

Watatu hao walilala chumba kimoja chuoni, na walipoanza kujitegemea wakaahidiana kula pamoja kila Jumamosi. Kimya alipata kazi ya maktaba katika shule moja, na hakuna aliyeshangaa. Muuguzi waliyemwita Sindano alikuwa hospitalini. Wa tatu, Kelele, alisomea ualimu, ajira ikamkimbia, naye hakuifukuza. Alinunua cherehani iliyotumika akaanza kushonea watu sare za shule. Alidai jina la Sindano lilikuwa haki yake, limeibwa mchana kweupe.

Mezani bili iligawanywa sawa kwa sawa kati ya waliokula. Kimya angeweza kusema hana, lakini aliogopa. Akisema, wataanza kumhurumia, na huruma ikishavuta kiti mezani, urafiki hunyanyuka. Wataacha kumwita taratibu, kwa wema kabisa. Na yeye hakuwa na watu wengine wa kucheka nao.

Kwa hiyo alikunywa maji ya moto, akasikiliza hadithi, akanusa vitunguu vya wenzake mpaka machozi yakamlenga. Sindano akamlea kama mtoto. Alimkataza ndimu. Alimletea dawa nyeupe ya chupa, ambayo Kimya aliimwaga kwenye sinki nyumbani huku akiiomba msamaha.

Jumamosi hii Sindano alifika anang'aa.

"Nimekupatia nafasi!" alisema kabla hajakaa. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Daktari wetu atakupima bure. Unameza mpira mwembamba wenye kamera, tunaona tumbo lote. Usiogope, nitakushika mkono. Nimefanya kazi Jumapili mbili mfululizo ili nipate ruhusa siku hiyo."

Kimya alihisi mpira umeshafika kooni. Jumapili mbili! Alimtazama rafiki yake, macho mekundu kwa usingizi, uso umejaa furaha ya kumsaidia mtu, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na tumbo lake zima.

Mhudumu akaja. Kelele akamrudishia orodha bila kuifungua.

"Kaka, mimi niletee chai. Mfuko umeshikwa na mafua wiki hii, wateja wamevaa nguo bila kulipa nikashindwa kuwavua."

"Chai na nini, dada?"

"Chai na kikombe."

Mhudumu akacheka mpaka akasahau kuandika. Sindano naye akacheka, akasema, "Fundi, utakonda tukushone wewe," akaagiza chakula, na kilipoletwa mazungumzo yakaendelea. Ikawa basi. Dari halikuanguka. Hakuna aliyemtazama Kelele kwa huruma, wala yeye hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameegemea kiti kama mwenye hoteli.

Kimya alimkodolea macho. Miaka minne alilala kitanda cha jirani na binti huyu, akidhani ana mdomo tu. Kumbe mdomo ule ulibeba ujasiri ambao yeye, na vitabu vyake vyote, hakuwa nao hata wa kuazima.

"Sina vidonda," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie.

"Sindano, sina vidonda vya tumbo. Sijawahi kuwa navyo. Nilikuwa sina hela ya kula hapa."

Sindano aliweka uma chini. "Na dawa?"

"Nilimwaga."

"Jumapili zangu mbili! Mwenzangu, mimi nakuombea kwa Mungu tumbo lipone, kumbe tumbo lina njaa? Ulifikiri nakuja hapa kukaa na sahani?"

"Niliogopa mtaacha kuniita."

Kelele alisogeza kiti chake kikagusana na cha Kimya.

"Jumamosi ngapi kwa mwezi zinawezekana?" Sindano aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejaza cheti cha mgonjwa.

"Moja. Tena ya mwisho wa mwezi."

"Moja tutakula. Nyingine tutatembea, au mtakuja kwangu nipike, na mtaosha vyombo." Alipangusa macho, akatoa simu, akabonyeza namba, akamsukumia Kimya. "Lakini daktari utamwambia mwenyewe."

Simu ikaita. Kimya, ambaye kazini huwaandikia wanafunzi 'Nyamazeni' kwenye karatasi ili asiwaambie kwa mdomo, akaishika kwa mikono miwili.

"Daktari, shikamoo. Mimi ndiye mgonjwa wa Jumatatu. Siumwi. Nilidanganya kwa sababu sikuwa na hela ya chakula, na Sindano hakujua. Nisamehe."

Daktari akakohoa.

"Marahaba. Basi mwambie Sindano Jumatatu aje kazini kama kawaida."

Sindano, aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu, akaanza kutikisa mikono yote miwili. Kimya akavuta pumzi.

"Hapana, daktari. Ile ruhusa aliifanyia kazi, ni yake. Jumatatu atalala mpaka saa nne."

"Haya," daktari akasema, na ilisikika kwamba anatabasamu. "Na wewe, binti, kula kitu."