Fundi Asiyehama

Siku ya kwanza baada ya msiba, mjane alifungua duka asubuhi akiwa na ufagio na magunia matupu. Alikusudia kukusanya pasi, feni, redio na mabirika ya umeme vilivyojaa rafuni, aviuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha arudishe ufunguo kwa mwenye nyumba. Ndani kulikuwa kunanuka moshi wa risasi ya kuchomelea waya. Mumewe alikuwa amekaa kwenye stuli yake, ile yenye mguu uliofungwa waya, amevaa nguo za kazi zilizokuwa zikining'inia msumarini, anachomelea pasi ya mshonaji mmoja wa mtaani.

Mjane alimsalimia. Marehemu hakuitikia, lakini hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuitikia akiwa na risasi ya moto mkononi. Mjane akafagia kumzunguka. Jambo moja tu lilimkera: mumewe alikuwa amekodoa macho na kuisogeza kazi hadi puani, kwa sababu miwani yake ilikuwa nyumbani kwenye droo ya kabati. Kesho yake alimletea. Marehemu aliivaa bila kugeuka, na kazi ikaanza kwenda haraka.

Rafu ile ndiyo iliyomuua, tukitaka kusema kweli. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiokota vitu ambavyo watu walivitupa, anavifungua, anavisafisha, anavitengeneza hadi vinafanya kazi, halafu anavipanga pale vikingoja mnunuzi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitu vipya, kila kimoja ndani ya boksi lenye picha ya familia inayocheka, na watu walipita mbele ya fundi wakiwa wameyakumbatia maboksi hayo kifuani. Vitu vya maboksi vilikufa mapema, nao wakaenda kununua vingine. Walikuwa na sababu zao. Fundi atakuibia vifaa vya ndani akuwekee vibovu. Fundi akishatia pesa yako mfukoni, kesho umesikia amehama. Na mgeni akiingia sebuleni akaona feni yenye skrubu za rangi mbili, uso wako utauficha wapi? Kifua kilipombana, fundi alisema ataenda hospitali rafu ikipungua. Haikupungua. Waliokuja kumzika walikuwa wengi, na wote walikubaliana kwamba alikuwa na mkono mzuri.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kurudi. Pasi yake aliitelekeza pale zamani akanunua mpya, na sasa ile mpya ilikuwa imeunguza gauni la bibi harusi, kisha ikajiunguza yenyewe. Alisimama mlangoni, akamtazama marehemu, akauliza kama kazi hii ina waranti. Mjane alimjibu kwamba kwa jinsi anavyoona yeye, mtu huyu haendi popote. Mshonaji alilifikiria jambo hilo, akaona lina uzito, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Baada ya hapo rafu ilianza kusogea. Watu walielezana makazini na kwenye foleni. Maiti ana haja gani na shaba yako? Hana watoto wa kulipia ada, kwa hiyo hakupigi bei ya kuruka. Na ukiwa na neno juu ya kazi yake, unajua pa kumkuta mchana na unajua pa kumkuta usiku. Karani mmoja, aliyekuwa akisukuma birika lake lililotengenezwa na fundi chini ya kitanda kila alipobishiwa hodi, alilitoa akaliweka sebuleni juu ya kitambaa, na mgeni akiuliza anajibu kwa madaha kwamba hilo ni la marehemu. Walioishiwa na vitu vibovu walivunja vizima, ili na wao wasipitwe. Duka la ng'ambo halikulala. Lilileta feni mpya zenye skrubu za rangi mbili tangu kiwandani, nazo zikauzika.

Watu walimwambia mjane kuwa ana bahati. Yeye hakuona bahati iko wapi. Mume alikuja dukani kila siku, lakini nyumbani hakukanyaga. Mjane aliwaza sana mpaka akaelewa sababu: marehemu alikuja penye kitu kibovu, na nyumbani hapakuwa na kitu kibovu. Bawaba, taa, bomba la jikoni, kila kitu alikuwa amekitengeneza mwenyewe enzi za uhai wake. Jioni moja mjane alikichukua kiti alichokuwa akikalia mumewe, akakipiga ukutani mpaka mguu ukavunjika, akaketi kusubiri.

Marehemu aliingia kabla giza halijakaza, koleo mkononi. Alipiga magoti, akauunga mguu, akakikandamiza kiti kwa kiganja kuona kama kinayumba. Mjane alikuwa amepakua chakula cha watu wawili. Alimwomba akae, hata kidogo tu, kiti ni chake. Marehemu alisimama mlangoni akitupa macho huku na huku, kama fundi yeyote anayesubiri kuoneshwa kazi nyingine, na alipoona hakuna, akaondoka. Mjane alilia mpaka chakula kikapoa. Hakuvunja kitu tena, aliona haya.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo marehemu aliposema. Alikuwa ameweka redio moja pembeni na kuvuta nyingine. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuisha nchani, kama sabuni, hata bisibisi alikuwa anaishika kwa viganja. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akauliza bila kumtazama mkewe.

"Bado vingi?"

Mjane aliangalia rafu, akaangalia vilivyorundikwa sakafuni, na foleni iliyofika hadi barabarani.

"Bado," alisema.

Marehemu akavaa miwani. Ni hapo mjane alipoona kwamba mumewe hakurudi kwa kupenda. Alirudi kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na watu hawa wangeendelea kuleta mpaka mikono yake iishe yote. Akapiga moyo konde kwamba lazima mtu huyu apumzike.

Dawa ilikuwa pale pale mezani. Mdogo wake marehemu, aliyekuja dukani wateja walipoanza kumiminika, alikaa upande wa pili wa meza ile ile, alifundishwa kazi na baba yule yule, na ukiweka pasi zao mbili pamoja usingejua ipi ni ya nani. Ana watoto. Alikuwa akishinda pale kutwa nzima bila mteja, anasaga meno, anakohoa kwa moshi wa kaka yake. Mjane alianza kuwasukumia wateja upande huo. Waliinua vitu vyao kwa adabu na kuvirudisha upande wa marehemu.

Mshonaji alikuwa ameleta feni na kuiweka upande wa marehemu. Mjane alimshika mkono, akamwambia wazi kwamba mume wake amechoka, na kwamba shemeji anaweza kuitengeneza feni hiyo sasa hivi, akiwa anaona.

"Mkono wa shemeji yako hatuukatai, dada," mshonaji alisema. "Ila yuko hai. Wa hai huwezi kumjua. Kesho anakuhama."

Shemeji alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea feni. Kikohozi kikamshika, kikamkunja juu ya meza, na alipoinuka alikuwa anafuta midomo kwa kitambaa. Mshonaji alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Akamuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kikohozi hicho kimeanza lini, na kama ameshaenda hospitali. Shemeji alisema ataenda akipata kazi mbili tatu.

Mshonaji aliitoa feni upande wa marehemu, akaiweka upande wa shemeji, mbali kidogo, pale asipofikia akiwa amekaa.

"Basi hii iwe ya huyu, akishakuwa kama kaka yake," alimnong'oneza mjane. "Mimi sina haraka."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walielewana kwa macho. Karani alisogeza birika jingine upande huo. Mwingine akaongeza redio. Hadi jioni upande wa shemeji ulikuwa umejaa, na yeye uso ulimchangamka jinsi ambavyo haukuwahi kuchangamka tangu msiba. Alisugua mikono, akamuuliza mjane aanze na kipi.

Marehemu aliweka chini kazi aliyokuwa ameimaliza.

"Bado vingi?"

Mjane alitazama upande wa shemeji.

"Bado," alisema.