Maporomoko ya Mama Mkwe

Fundi lifti alivunjika mguu akibadilisha balbu jikoni kwake, juu ya stuli. Kazini alikuwa amezoea kuning'inia ndani ya mashimo ya majengo marefu, kamba kiunoni, na hakuwahi kupata hata mchubuko. Daktari alipomuuliza ameanguka kutoka wapi, alijibu, "Juu."

Mguu ulifungwa plasta hadi pajani. Mke wake, mfamasia, alinyimwa likizo, kwa hiyo akasema atamwita mama aje akae na mgonjwa.

"Mama yako?" fundi aliuliza.

"Kuna mwingine aliye huru?"

Hakuwepo.

Tangu aoe, fundi na mama mkwe wake walikuwa wamezungumza mambo mawili tu: shikamoo na mvua. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Wanaume wenye vitambi na wajukuu, waliopita mikononi mwake, bado walificha sigara wakimwona barabarani. Fundi hakumchukia. Alimwogopa tu, kwa heshima zote.

Mama alipofika, alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akaweka sahani karibu na kitanda, akatoka. Ikawa hivyo kila mlo. Mguu wa fundi ulikuwa umenyooshwa juu ya mito, unyayo ukimtazama mkwe usoni.

"Samahani, mama. Mguu."

"Hauna kosa."

Akibaki peke yake, fundi alifungua kompyuta na kucheza mchezo wa kujenga mji. Alipanga barabara, akapanda miti, akainua nyumba, na watu wadogo wakazunguka humo wakigombana na kusinzia wima. Akisikia hodi, alifunika kompyuta. Mchana mmoja mama aliweka sahani na hakutoka.

"Baba," alisema, "mtu akifunika kitu kila ninapoingia, huwa nakiomba. Hebu fungua."

Fundi akafungua. Mama akavaa miwani, akauinamia mji kwa muda.

"Hawa maji wanapata wapi?"

Fundi alieleza kwamba mchezo wenyewe ulikuwa na kidimbwi kimoja tu, cha duara, ambacho unakichagua na kukitua popote. Maji ya humo hayakujua kuteremka. Yalilala bapa kama shuka iliyopigwa pasi. Lakini wachezaji wengine walikuwa wamejitengenezea zana zao na kuzigawa bure: ya kuinua na kushusha ardhi kidogo kidogo, vioo vya buluu vya kusimamisha kwa mshazari, povu, ukungu. Ukivipanga kwa subira, jicho linaona maporomoko.

"Kwa hiyo ni maji ya uongo."

"Ndiyo, mama."

Mama alivuta kiti.

Maporomoko ya kwanza yalikamilika kabla chai haijapoa. Fundi aliyaona mazuri kabisa.

"Yanatoka kwenye jiwe," mama alisema. "Kama bomba limepasuka."

Ilikuwa kweli, nyuma ya jiwe hapakuwa na kitu. Fundi akainua kilima, akaweka chemchemi na kijito. Mama akauliza maji yakishaanguka yanakwenda wapi. Fundi akachimba mto. Mama akauliza kwa nini mto umenyooka kama rula, na kama amewahi kuona mto.

Mfamasia aliporudi kutoka kazini alikuta kitunguu kimekatwa nusu juu ya ubao, kisu pembeni, jikoni hamna mtu. Chumbani, mama yake alikuwa ameshika kipanya kwa vidole viwili, kama vile kingeweza kumng'ata.

"Mmekula?"

"Povu limekaa juu, lilitakiwa kukaa chini," mama alisema bila kugeuka.

Mfamasia akaenda kukaanga mayai.

Mto ulisonga vizuri mpaka ukafika kwenye nyumba moja, kubwa, ya vigae vyekundu.

"Hii inaziba njia," mama alisema.

"Hapa ni kwetu, mama. Nikijaliwa kujenga, nitajenga hii."

Mchezo uliruhusu kufunua paa. Mama akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chumba kwa chumba.

"Hiki?"

"Chetu."

"Hiki?"

"Cha watoto, Mungu akijalia."

"Na hiki?"

"Vifaa vyangu."

"Hiki kidogo?"

"Mashine ya kufulia."

Vyumba vikawa vimekwisha. Mama alivua miwani. "Ngoja niangalie kama nguo zimekauka," alisema. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amefua.

Kesho yake alibisha hodi, akaweka sahani, akatoka. Fundi hakukigusa chakula. Alisukuma sahani kando, akaibomoa nyumba, akaijenga upya ng'ambo, mto ukapata njia yake. Mashine ya kufulia aliihamishia nje. Chumba ilimokuwa akakipanua, akatia kitanda, kabati la vitabu na dirisha pana. Mama alipokuja kuchukua sahani, alimkuta bado anahangaika na pazia.

"Mama, naomba uangalie hapa."

Mama akaangalia.

"Nani analala humu?"

"Wewe."

Mama aliirudisha juu miwani iliyokuwa imemteleza puani.

"Na mashine?"

"Iko nje."

"Italowa."

"Ni ya uongo, mama."

"Hata hivyo."

Fundi akaiezekea. Mama akavuta kiti chake pale pale kilipokuwa jana.

"Unajua nilitaka aolewe na daktari wa meno," alisema.

"Nilisikia."

"Alikuja nyumbani kujitambulisha. Muda wote ananiangalia fizi." Akasogea mbele. "Geuza kitanda. Nataka nikiamka nione maji."

Tangu hapo walifanya kazi kila mchana, na chakula kikawa kinaliwa kikiwa kimepoa. Mfamasia alilalamika mara moja, akaambiwa asubiri bwawa la chini ya maporomoko lijae.

Plasta ilipokatwa, fundi alijifunza kutembea upya ukumbini huku mama akimhesabia kama mtoto wa chekechea. Kisha mama akafunga mizigo yake, akarudi kwake. Kwenye kabati huko alikuwa na kompyuta aliyozawadiwa alipostaafu, ambayo haikuwahi kutoka kwenye boksi.

Baada ya muda simu ikaanza kuita kila jioni. Mfamasia aliipokea kwanza, akaulizwa na mama kama ni mzima, akaambiwa ampe mkwe. Alidhani anasengenywa. Akategesha sikio. Walikuwa wanabishana kuhusu bata: mama alikuwa ameweka bata kwenye bwawa la mji wake mwenyewe, wakazama, na sasa walikuwa wanatembea chini ya maji bila wasiwasi wowote.

Jumamosi fundi alivaa shati safi, akatia zana za mchezo kwenye flashi, akachukua mkongojo wake. Mke wake alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa mama."

"Nimpigie nimwambie unakuja?"

"Anajua," fundi alisema. "Wewe pumzika tu."