Watoto wa Sakafuni

Jumatatu asubuhi Yunisi alikuwa uani anapepeta uwele, Eliza akatoka ndani sare yake ikiburuta vumbi. Ijumaa sare hiyohiyo ilikuwa inamfika magotini. Yunisi akaweka ungo chini, akatafuta sindano, akapandisha pindo, akamhimiza bintiye awahi namba shuleni. Kisha akaurudia uwele wake.

Mwaka ule mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa waziwazi kwenye mnada wa Mtinko, na mambo mengi yalikuwa yanabadilika, kwa hiyo mtoto kupungua hakukumsimamisha mtu njiani. Jirani yake, Anastasia, alisema mwanawe mkubwa naye kaptula inamvuka. Watoto hao wawili walikuwa darasa la tatu, na wote walikuwa wa sakafuni.

Shuleni pale, mzazi aliyechongesha dawati, mtoto wake alilikalia. Asiyechongesha, wake alikaa chini. Sasa Mwalimu Anselm, aliyekuwa akisomea stashahada wakati wa likizo, alipewa na chuo vitabu vipya vya rangi avifanyie utafiti darasani kwake: nusu ya watoto wavisome, nusu wasivisome, halafu wapimwe ijulikane kama vinafaa. Mwalimu akaona kitabu kizuri hakiwekwi vumbini. Akawapa wa madawati. Wa sakafuni akawaambia watazame ubao na wasigeuze shingo. Wazazi hakuwauliza, na wao hawakumuuliza. Mtoto ukishamwingiza darasani, ni wa mwalimu.

Eliza, aliyekuwa akisoma hata maandishi ya magunia, kusoma ndiko kulikomtoka kwanza. Kikafuata Kiswahili, akabaki na Kinyaturu cha nyumbani. Meno makubwa ya mbele yakarudi ndani ya ufizi, ya utoto yakaota mahali pake. Yunisi aliyaona akimwogesha, akamshukuru Mungu kwamba hayamuumi.

Akaenda shuleni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa kwa umri alimzidi.

"Marahaba, mama Eliza."

"Mtoto anapungua, mwalimu. Naomba na yeye akione kitabu."

"Najua anapungua. Wa sakafuni wote wanapungua. Lakini nikimpa leo, nitajuaje kilichofanya kazi ni nini? Mpaka niwapime mara ya pili, jibu liwe lilelile, ndipo chuo waniamini. Vumilia, mama."

Mwalimu Kuluthumu alikuwa meza ya pili anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Anselm, unapima kitabu au unapima dawati? Hao wa madawati wanakuja wameshakunywa chai."

"Usiniharibie kazi, dada."

"Na huyu mama ulimwomba?"

"Si huyu hapa?" Akamgeukia Yunisi. "Mama, umekubali?"

Tangu alipokuwa mwanafunzi mwenyewe, Yunisi hakuwahi kumkatalia mwalimu. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akarudi nyumbani.

Alipofika akaung'oa mlango wa nyumba, ule aliouacha marehemu mumewe, Marko, akaupeleka kwa fundi Gasto.

"Mama Eliza," fundi akamtania huku anapima mbao, "mlango ukishakuwa dawati, fisi atabisha hodi wapi?"

"Ataingia tu, fundi. Kwani kuna cha kula?"

Dawati lilipokamilika alilibeba kichwani, Eliza mgongoni, maana siku hizo alikuwa hawezi tena mwendo wa kufika shuleni. Mwalimu Anselm alilipapasa dawati, akasifu kazi ya fundi, akaliingiza darasani. Lakini safu hazichanganywi utafiti ukiwa njiani. Wakalikalia watoto wawili wa vitabu waliokuwa wanabanana kwingine, na Eliza akawekwa chini palepale pake, juu ya khanga. Yunisi akasema asante. Njiani alisali, akasahau sala ilipoishia, akaianza upya.

Siku ya kipimo cha pili, akina mama wa sakafuni walifika wamebeba watoto. Mwalimu alimtilia kila mmoja penseli mkononi. Walioweza kuishika aliwahesabu. Eliza aliitia mdomoni, kisha ikamponyoka. Yeye na wenzake wa namna hiyo, mwana wa Anastasia akiwamo, waliandikwa watoro.

Kwenye mkutano wa wazazi, Mwalimu Anselm alisoma majibu mbele ya mgeni kutoka chuoni. Wa vitabu walikuwa wamepanda sana. Baadhi ya wenzao, kwa bahati mbaya, walikuwa wameacha shule. Watoro wenyewe walikuwa pale nyasini, mapajani mwa mama zao. Watu walipopiga makofi, walishtuka wakaanza kulia. Yunisi akampa Eliza titi lililokuwa limekauka miaka mingi, naye akanyamaza, kwa adabu.

Mgeni alisimama, akapongeza. Alisema kazi nzuri hairidhiki na mara moja. Mwakani irudiwe na darasa linalopanda, wapate hakika. Mwalimu Kuluthumu alinyoosha mkono, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Anastasia alikuwa na mwingine darasa la pili, naye wa sakafuni. Jioni ile alipita kwa Yunisi, akasimama pale pasipo na mlango.

"Hodi, dada. Yule mkubwa ninaye mgongoni, na huyu mdogo naona zamu yake inakuja. Huna mbeleko uniazime?"

"Ninayo," Yunisi akasema, "lakini ina mtu."