Figo la Mheshimiwa

Mdogo wake fundi cherehani aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna kikao cha familia kilichopita bila yeye kuhutubia. Fundi, dada yake wa tumbo moja, alimdharau tangu utotoni. Lakini mafigo ya fundi yalipokufa, siku Mheshimiwa aliposimama mbele ya ukoo akajipiga kifua na kusema, "Figo langu ni la dada," hata fundi aliingia mkenge. Alianza kumwona mtu.

Kabla ya upasuaji, daktari alitaka kuupima moyo wake. Mafigo yakishakufa, alisema, moyo nao huumia kimyakimya, na mgonjwa anaweza kupata figo jipya akafia mezani. Basi fundi akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa mafuta ya baridi kifuani, akadungwa dawa ya kuukimbiza moyo. Ukaenda mbio kana kwamba anapanda ghorofani na gunia kichwani. Kwenye skrini aliuona ukifumba na kufumbua, mkaidi kama mwenyewe. Akaupenda.

Mheshimiwa alikaa pembeni, suti imenyooka, miguu haitulii.

"Naona umetanuka, daktari. Sivyo?"

"Ukuta umenenepa kidogo, ni presha ya miaka mingi. Lakini unasukuma damu vizuri, na hata ukikimbizwa hakuna sehemu inayozembea. Upasuaji ataumudu."

"Mashine nazo hukosea. Mimi naona tusimhatarishe. Dada ninaye mmoja tu."

Fundi akageuza shingo. Mdogo wake alikuwa ameikodolea macho skrini, anautafutia moyo wa dada yake ugonjwa. Jasho lilimtoka puani. Akaelewa.

Alijifuta kifua, akavaa. Alipofika koridoni alimkuta Mheshimiwa ameshampigia simu shangazi yao, kwa sauti ileile ya mikutanoni.

"Tumejitahidi, shangazi. Moyo wa dada ndio umetuangusha. Mimi nilikuwa tayari kabisa."

Fundi akampokonya simu.

"Shikamoo, shangazi. Moyo wangu mzima, nimeuona kwa macho yangu. Aliyeingiwa na baridi ya woga ni huyu. Na figo lake silitaki tena, lisije likaanza kunihutubia tumboni."

Akamrudishia simu.

"Dada, unanidhalilisha mbele za watu," Mheshimiwa alinong'ona.

"Kuogopa kisu si kosa. Ungeniambia, ningekuelewa. Lakini umenitamania moyo mbovu ili wewe ubaki shujaa."

Mheshimiwa akarekebisha tai. Akauliza kama amrudishe nyumbani kwa gari. Fundi akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anavyotazama kitambaa kinachochujuka, akampita.

Alirudi kwa daktari kumwambia atafutiwe mtu mwingine, hata ikichukua miaka. Kisha akaenda wodi ya kusafishia damu, akamnyooshea nesi mkono. Kulikosa lile figo hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa muda alikuwa amemwamini mdogo wake.