Tone la Nyongeza

Habari hii alinisimulia Esha mwenyewe, binti Likwata wa Pande, msimu wa korosho wa mwaka jana, tumekaa barazani tunabangua. Naiweka kama alivyoileta.

Siku zile za vijiji vya ujamaa Esha alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni mjini Lindi, na moyo wake wote ulikuwa kwenye dawa. Alitaka kuwa mchanganya dawa wa zahanati, arudi kwao. Lakini Mwalimu Modesti wa kemia alikuwa ametangaza kuwa asiyeweza kupima asidi kwa alkali mpaka Jumamosi, atahamia darasa la upishi. Na Esha kila akipima, anakosea.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Asidi imo ndani ya chupa, pamoja na matone mawili ya dawa isiyo na rangi. Juu yake bomba jembamba la kioo lenye mistari, ndiyo bureti, limejaa alkali. Unafungua koki, alkali inashuka, unatikisa chupa. Asidi ikiishiwa nguvu, maji yanageuka waridi, hafifu kama ufizi wa mtoto mchanga. Hapo hapo unafunga, unasoma mstari. Ya Esha yalikuwa yanawaka kama kanga mpya. Wenzake wanapata ishirini na tatu na ushei, yeye ishirini na tano, siku zote.

Mwalimu alidhani ni macho. Akamsomesha ubao kutoka mlangoni, Esha akasoma mpaka maneno yaliyofutwa jana.

Ijumaa ilikuwa zamu yake kugawa maharage. Martina, msichana wa Njinjo aliyekaa naye meza moja maabara, alisimama foleni akimtazama. Kila sahani Esha anamwaga upawa uliojaa, kisha mkono unarudi kwenye sufuria kuchota kidogo tena. Kwao mama yake aliuza mafuta ya nazi ya kupima, na kopo likijaa usipoongeza tone utaitwa mchoyo mpaka kaburini. Mkono umelelewa hivyo.

Martina akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mwenzangu, ugonjwa nimeuona. Ile bureti unaitilia nyongeza."

"Sitilii."

"Waridi likishatoka, mkono wako unafanya nini?"

Esha akafikiri. Mkono ulikuwa unarudi kwenye koki.

"Naona haya kuishia pale pale," akasema. "Ni kama nimempunja mtu."

"Chupa si mteja, bibi wee. Itakwenda kukusema kwa nani?"

Jumamosi asubuhi Mwalimu Modesti akasimama ubavuni. Alkali ikashuka, tone kwa tone. Waridi likatokea, likapotea. Likatokea tena, likakaa. Esha akafunga koki, na mkono ukainuka wenyewe kuirudia. Akaudaka kwa mkono wa pili, akaupeleka mgongoni. Ishirini na tatu nukta nne. Mara ya pili nukta tano. Mara ya tatu nukta nne tena.

Mwalimu akamtazama. "Uchoyo huu umeutoa wapi?"

"Kwa Martina, mwalimu."

"Basi utabaki nao humu kwenye kemia. Ukitoka, uuache mlangoni."

Mchana ule zamu ya maharage ilikuwa bado ya Esha, na Martina alipata ya watu watatu. Bwenini joto lilikuwa kali. Martina akalala kabla hajavua viatu. Esha akajinyoosha kitandani, akafumba macho, akawa anahesabu matone. La nne hakulifikia.